Mwizi wa domeni yetu ana laini ya Tanzania

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka watu wa kilima kizima wakasimama kunipigia makofi. Na hayakuwa makofi ya pongezi.

Naandika nikiwa Muyinga mjini, kwenye benchi la wanaosubiri gari la Gitega, kofia nimeishusha mpaka puani. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana video ipo. Ndiyo. Kuna mtu alichukua video.

Nitaanzia mwanzo ili msiseme nimeruka sehemu zenye aibu. (Nilijaribu kuziruka. Ikabaki sentensi moja tu.)

Mnaijua tovuti ya ushirika wetu, Asali ya Kurudi. Sisi ni wafugaji nyuki tuliokulia kambini Tanzania, tukarudi Burundi amani ilipopatikana, mikono mitupu ila ujuzi wa mizinga kichwani. Anuani ya tovuti ile, wenyewe wanaiita domeni, imebandikwa kwenye lebo ya kila chupa. Imeandikwa pia kwenye ukuta wa stoo yetu pale Nyamugari, Gitega, kwa herufi zenye kimo cha mbuzi. Na kesho kuna maonyesho. Mnunuzi mmoja kutoka Bujumbura ameshasema wazi: atafungua tovuti kwanza, akiridhika ndipo aagize asali yetu ya msimu mzima. Asali ya kaya thelathini na kitu, watu wanaoisubiri wapeleke watoto shule.

Sasa domeni huinunui ikawa yako milele. Unalipia muda. Muda ukiisha hujalipia tena unanyang'anywa, na mtu yeyote anaweza kuja kuichukua akaweka humo picha za viatu. Yetu ilikuwa inaisha leo. Leo saa kumi jioni!

Aliyegundua ni Hadija, yule mama mwenye duka la kompyuta na fotokopi pale Nyamugari, Kiswahili chake nusu Kifaransa. Juzi aliniita.

"We Nduwayezu, hii domeni yenu iko inakufa. Iko na siku mbili tu."

"Lipia basi, Mama Hadija, tutarudishiana."

"Mais mi nalipia vipi? Lazima tuingie kwa konti. Neno ya siri iko wapi?"

Neno la siri! Ile domeni tuliinunua tulipoanza ushirika, miaka ile, mimi na Bosco. Padri mmoja wa Mushasha alitulipia miaka mingi kwa mpigo, Mungu ambariki, kwa hiyo hakuna aliyeifikiria tena. Siku ya kununua Bosco ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Mimi nilisimama nyuma yake nikitoa amri, kazi ninayoiweza vizuri.

Bosco ni nani? Bosco tulilala mkeka mmoja kambini Kibondo, tukakaa dawati moja, tukarudi Burundi kwenye lori moja tumekalia gunia moja. Ushirika tuliuanzisha wawili. Halafu tukagombana. Mimi nilitaka asali iingie kwenye chupa za kioo, yeye akataka za plastiki. Tulirushiana maneno mbele ya wanachama wote, akaondoka, akahamia shamba la baba yake huko Kobero, mkoa wa Muyinga, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, akafungua butike, kiduka cha vinywaji na vikorokoro. Mwaka na zaidi hatujasemezana. (Chupa, jamani. Watu wazima wawili wenye ndevu. Chupa.)

Basi Hadija akabonyeza pale penye "nimesahau neno la siri". Kompyuta ikajibu: tumetuma namba za siri kwa mwenye konti, kwenye simu inayoanza na 255 na kuishia na 44. Barua pepe yake inaanza na b, halafu nyota nyota.

Mbili tano tano ni namba ya Tanzania. B ni B.

"Bosco!" nikasema. "Mwizi ni Bosco! Anakaa mpakani, ana laini ya Tanzania, na jina lake linaanza na B!"

Hadija akanitazama juu ya miwani. "Mais we, haiko namba yako ya zamani? Si na we ulikaa Tanzania?"

"Mama Hadija, mimi naijua namba yangu!"

(Siijui. Mpaka dakika hii siijui. Nani anajipigia simu mwenyewe?)

"Bon," akasema. "Mi niko nauliza tu."

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Nilimpigia Bosco kwa namba yake ya Burundi, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Mtu asiye na hatia anapokea simu, si ndiyo? (Mtu ambaye ulimwita mjinga mbele ya wanachama wote naye hapokei, lakini hilo halikunijia akilini.)

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Mama Spesi. Huyu mama anaamini kitu kimoja duniani, nacho ni muhuri. Tukaandika barua. Kichwa cha barua: Madai ya kurudishiwa domeni iliyokaliwa kinyume cha haki. Nakala kwa mkuu wa kilima cha Bosco, kiongozi wa kijiji chao! Akapiga muhuri mara mbili, wa kwanza ulitoka hafifu. Barua ikapanda gari la asubuhi, na jioni mkuu wa kilima akapiga simu. Bashingantahe, wale wazee wanaosuluhisha kesi za kilimani, watakaa kesho saa sita mchana. Mshitaki afike mwenyewe.

Nikafurahi! Nisiwafiche. Nililala nikiwa na furaha kama mtu anayeoa.

Leo asubuhi kabla ya safari nikapita kwa Hadija, nikamwomba abonyeze tena ile sehemu ya kutuma namba za siri.

"Ya nini, na we hauna hiyo simu?"

"Ili simu yake ilie. Dhamiri imsute."

Akabonyeza mara mbili. Nikamwambia ongeza. Akaongeza. Halafu akanionyesha namna ya kubonyeza mwenyewe kwenye simu yangu, ili nisimsumbue. Hapo ndipo aliponiharibia siku, maskini, bila kujua. Tulisimama Karuzi kunywa chai, nikabonyeza. Dereva akasimama kununua ndizi, nikabonyeza. Kila nikibonyeza namwona Bosco butikeni kwake anashtuka, anapiga ishara ya msalaba, anajuta. Raha niliyoipata! Ukijumlisha na zile za Hadija, ya juzi na za leo, zikawa mara kumi na moja. Muyinga mjini nikaona chaji imebaki kidogo, nikaizima simu kabisa ili nifike nayo kwa wazee ikiwa hai, nikapanda pikipiki ya kwenda Kobero.

Nafika kwa Bosco, wa kwanza kunipokea ni mama yake.

"Baraka! Baraka wangu! Umekonda!"

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa kesi."

"Kesi utaikuta. Njoo ule."

"Mama, mimi ni mshitaki, siwezi kula kwenye nyumba ya..."

Nikala. Ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Nikaongezewa, nikala tena. Bosco alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, ananiangalia ninavyomaliza maharage yake. Amenenepa. Nilitaka kumwambia, nikakumbuka kwamba ni mwizi.

Kesi ya saa sita ilikaliwa saa tisa, kwenye baraza la butike yake, maana kulikuwa na mabenchi na kivuli cha bati. Bashingantahe watatu mbele, mkuu wa kilima pembeni na daftari, halafu watu. Watu! Kilima kile hakina kazi siku ya Alhamisi? Kulikuwa na akina mama wenye majembe begani, waendesha pikipiki, mpaka fundi cherehani kaja na suruali ya mteja mkononi.

Mkuu wa wazee anaitwa Mzee Matiasi. Huyu ameamua kesi za mashamba tangu watu walipoanza kurudi kutoka ukimbizini. Ameshazoea: mtu alikimbia, mwingine akakaa shambani kwake, mwenyewe karudi anadai. Kesi nyingine hazijui. Akasoma barua yetu, akaigeuza, akautazama ule muhuri hafifu na ule mzuri, akakohoa.

"Mushingantahe," akaniambia, kwa heshima kabisa, kama mzee mwenzake, "hilo eneo unalodai liko wapi?"

"Liko mtandaoni, mzee."

"Upande upi wa barabara?"

"Halina barabara, mzee. Liko kwenye kompyuta."

"Limepakana na nani?"

Nikafikiri. "Kila mtu, mzee. Dunia nzima."

Watu wakaguna. Mkuu wa kilima akaandika: limepakana na dunia nzima.

"Ulipoondoka ulimwachia nani?"

"Mimi sikuondoka, mzee. Aliyeondoka ni yeye."

"Aliyeondoka ndiye aliyelikalia?" Mzee Matiasi akaweka barua chini. "Miaka yote hii sijawahi kuisikia hiyo. Na je, amelilima?"

"Halilimwi, mzee."

"Basi amelilaza bure. Andika, amelilaza bure."

Bosco akaulizwa. Akasimama, akavua kofia. "Wazee, mimi huyu mtu sijui anadai nini. Domeni tulinunua wote, mimi nikichapa, yeye akipiga kelele nyuma yangu. Tangu nimeondoka sijaigusa. Hata hilo kwamba inaisha leo nimelisoma kwenye barua yake." Akakaa. Sauti yake ilikuwa imechoka, na iliniuma kidogo, nikaipuuza.

Zamu yangu ikarudi. Jamani, nilitembea. Nilitembea mbele ya wazee kama wakili wa kesi kubwa, mkono mmoja mgongoni. (Nani alinituma kuweka mkono mgongoni?)

"Wazee wangu, mwenye konti ana simu ya Tanzania. Ushahidi wa kwanza! Na jina lake linaanza na B. Ushahidi wa pili! Nani katika ushirika wetu anakaa mpakani, ana laini ya Tanzania, na anaitwa B?"

Mzee wa pili akainua fimbo. "Mimi naitwa Bonifasi. Laini ya Tanzania ninayo, na mke wangu anayo. Hapa nani hana? Nimekuibia?"

Watu wakacheka. Nikaona kesi inaniponyoka. Ndipo nikatoa silaha yangu kubwa.

"Wazee, tusibishane. Bosco aweke simu zake zote mezani. Mimi nitabonyeza hapa, na simu ya mwizi italia mbele ya macho yenu!"

Bosco akatoa simu moja mfukoni, akaiweka kwenye benchi, akaingia butikeni akaleta ya pili, ndogo ya vibonyezo, akaiweka kando yake. Watu wakasogea. Yule fundi cherehani akapanda juu ya kasiye tupu, lile kreti la bia, ili aone vizuri, simu yake juu, anachukua video.

Nikawasha simu yangu. Nikaishika juu, wote waione. Ikachukua muda kuwaka (simu yangu nayo ni mzee), nikabaki nimenyoosha mkono hewani namtazama Bosco usoni. Nikabonyeza.

Zile simu mbili kwenye benchi, kimya.

Halafu: ting!

"Mmesikia?" nikapiga kelele. "Mmesikia! Inalia!"

"Inalia mkononi mwako," akasema Mzee Matiasi.

Ting!

"Hii ni meseji nyingine tu, mzee, ni..."

Ting! Ting! Ting!

Jamani. Zilikuwa zinaingia kama mvua kwenye bati. Nikajaribu kuiziba kwa kiganja. Ting! Nikaiweka mfukoni. Ting, suruali inatetemeka. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, kilima kizima, nane, tisa, kumi! Ilipofika kumi na moja wakadhani imekwisha. Ikaja ya kumi na mbili, ile niliyoibonyeza palepale mbele yao. Hapo ndipo waliposimama kupiga makofi.

Mzee Matiasi akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa. Akampa mkuu wa kilima, maana hana miwani. Mkuu wa kilima akasoma kwa sauti ya ofisini: "Ndugu Baraka. Namba yako ya siri ni hii ifuatayo. Usimpe mtu yeyote." Akasogeza. "Ndugu Baraka. Namba yako ya siri..." Akasogeza tena.

"Huyo Baraka ni nani?" akauliza Mzee Bonifasi.

Mama yake Bosco akajibu kutoka mlangoni, mwiko mkononi: "Si huyo hapo aliyekula maharage yangu!"

Ni mimi. Baraka ni mimi! Kwenye kitambulisho cha Burundi naitwa Nduwayezu, na Gitega hakuna anayenijua kwa jina lingine. Lakini kambini jina hilo lilimshinda ulimi mwalimu wa Kitanzania, akaniandika Baraka, nikasoma kama Baraka, nikasajili simu kama Baraka, nikafungua barua pepe kama Baraka. Nyie mliokulia kule mnajua, kila mmoja wetu ana jina la kule na jina la huku. Mimi nililisahau langu la kule kama mtu anavyosahau mwavuli.

Na ile laini ya Tanzania? Ninayo. Iko humuhumu, tundu la pili la simu yangu, nyuma ya laini ya Burundi. Gitega haishiki kitu, imelala. Naiamsha nikivuka mara mojamoja kwenda Kabanga, upande wa Tanzania, kununua chupa, naiwekea salio kidogo isifungwe, kisha naisahau. Kobero inashika mtandao wa Tanzania vizuri sana. Ingeshika hata kama ningeziba masikio.

Kwa hiyo zile mara kumi na moja za Gitega na Karuzi na ndizi, nilikuwa namsumbua nani? Nilikuwa naisuta dhamiri ya nani?

Nilitaka ardhi ipasuke. Sikuweza kuinua macho. Si kwa ajili ya wale waliokuwa wanacheka, wale wana haki. Nilikuwa namwonea haya mtu mmoja tu, yule niliyelala naye mkeka mmoja, niliyemwita mwizi kwa barua yenye muhuri mbele ya majirani zake na mama yake.

Bosco hakucheka. Akatazama saa. "Ni saa tisa na nusu," akasema. "Inaisha saa kumi. Au umekuja kushinda hapa?"

Akachukua simu yake kwenye benchi, akafungua ukurasa wa kampuni iliyotuuzia domeni, akaniomba ile namba ya kumi na mbili, maana zile nyingine zilikuwa zimeshapita muda wake. Nikamsomea. Kwa haraka nikamsomea vibaya, akasema "pole pole", nikamsomea tena. Ikakubali. Halafu ukurasa ukaleta swali la usalama, lile ambalo wenyewe tulilichagua siku ya kununua. Bosco akalisoma. Akalisoma tena.

"Wanauliza nini?" akataka kujua Mzee Matiasi.

"Wanauliza," akasema Bosco, "rafiki yake mkubwa wa utotoni anaitwa nani."

Watu wote wakanigeukia.

"Andika tu," nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Niandike nini?"

"Si unajua."

"Mimi sijui. Konti si yangu, nimeambiwa nisiikalie kinyume cha haki. Sema."

"Bosco."

"Sema kwa nguvu, Mzee Bonifasi hasikii vizuri."

"BOSCO!"

Akaandika. Ikafunguka. Jamani, sitawadanganya, machozi yalinitoka, na yule mwenye video akasogea karibu.

Tukalipia. Miaka mitano. Pale pale nikataka nibadilishe jina la mwenye mali liwe la ushirika na kuihamishia kwenye konti mpya ambayo Hadija angetufungulia, yote kwa mkupuo, nimalize kesi. Bosco akanishika mkono.

"Usiguse jina la mwenyewe leo. Kampuni hii ukibadilisha jina, wanaifunga siku sitini, huihamishi popote. Ihamishe kwanza, jina baadaye, taratibu. Siku zote unataka vitu vyote saa hiyohiyo."

"Lakini tumewahi," nikasema. "Bado dakika kumi na tano. Tungechelewa kidogo tu ingepotea!"

Akanitazama vile alivyokuwa ananitazama darasani nikikosea hesabu rahisi. "Isingepotea. Muda ukiisha wanakupa mwezi mzima wa ziada, kwa ajili ya waliosahau. Tovuti ingezimika, ungelipia, ingewaka tena."

"Mwezi?"

"Mwezi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniletea barua yenye muhuri. Mihuri miwili."

Nililokuwa nalo la kusema nililisema, nikalisema mbele ya watu wote, nimesimama: Bosco, nimekukosea. Nimekukosea leo na nilikukosea ile siku nyingine. Akaitika kwa kichwa. Mama yake akasema, "Haya," akarudi jikoni.

Nikadhani yamekwisha. Nikachukua kofia yangu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mzee Matiasi. "Kesi haijaamuliwa."

Jamani, wale wazee wakaamua. Wakateta pembeni muda mrefu kuliko walivyosikiliza kesi yenyewe. Wakarudi, wakakaa, Mzee Matiasi akasafisha koo.

"Tumeona kwamba eneo lilikaliwa na Baraka, akalilaza bure. Tumeona kwamba Nduwayezu ana haki ya kulidai. Tumeona kwamba Bosco hahusiki, alisingiziwa. Mwenye kushitaki, Nduwayezu, simama."

Nikasimama.

"Mwenye kushitakiwa, Baraka, simama."

"Nimeshasimama, mzee."

"Umesimama kama Nduwayezu. Simama kama Baraka."

Nikakaa, nikasimama tena. Mkuu wa kilima akaandika kwamba wote wawili wamesimama.

"Peaneni mikono."

Nikamtazama. Hakuwa anatabasamu. Nyuma yangu nilisikia mtu anajikaza mpaka anakohoa.

"Mzee..."

"Hapa kilimani watu hawaondoki na kinyongo. Peaneni mikono."

Nikaushika mkono wangu wa kushoto kwa wa kulia. Nikautikisa.

"Vizuri," akasema Mzee Bonifasi. "Waambiane samahani."

Nikajiomba samahani. Nikajisamehe. (Nilichelewa kidogo kujisamehe, wakanigombeza.) Na kama ilivyo desturi, aliyekosa akahukumiwa kutoa vinywaji kwa wazee, na kwa kuwa nilikuwa mshitaki na mshitakiwa, nikatoa mara mbili, nikivinunua kwenye butike ya Bosco mwenyewe. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka akiwa amejishikilia kwenye kaunta, anashindwa kunihesabia chupa, anapiga meza, anasema "Ting! Ting!" na kuanza upya. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyopanda. Nikacheka na mimi mpaka mbavu zikauma. Kicheko kile nilikikosa mwaka mzima na sikumwambia mtu.

Tovuti iko hewani, ifungueni mwone. Kesho Bosco anakuja Gitega kusimama nami mezani kwenye maonyesho, na Mama Spesi ameshapewa habari kwa simu. Aliuliza kitu kimoja: muhuri ulionekana vizuri?

Gari langu limefika. Video imenitangulia, Hadija ameshanipigia mara tatu na sipokei. Nawaomba nyote, kwa jina lolote mnalonijua, asicheke mtu. Bosco peke yake ndiye anayeruhusiwa, na hukumu ya wale wazee watatu nimekata shauri kutoikatia rufaa.